Godoro la Mishale

Mama alihamia kwetu Kinanira, mtaa wa mlimani hapa Bujumbura, alipomaliza eda ya baba. Alikuja na sanduku moja, mkeka wa kusalia, na birika la chai ambalo hakutaka mtu mwingine aliguse. Nilimpa chumba cha nyuma kwa sababu upande ule ni kimya, nikidhani kimya kitampumzisha. Lakini mama alikuwa ameishi Buyenzi tangu kuzaliwa, kati ya gereji na maduka, ambako siku huanza kwa adhana na kuendelea kwa nyundo, na watu huulizana hali kutoka mlango hadi mlango bila kuinuka vitini. Kinanira watu wana mageti. Jirani unamjua kwa gari lake.

Basi akawa anakaa tu. Asubuhi alitoa kiti cha plastiki, akakiweka nyuma ya nyumba, kikielekea ukuta wa udongo, maana nyumba yetu imejengwa kwenye mteremko na waliojenga waliukata mlima ili kupata mahali pa msingi. Ukuta ule umepita kimo cha mtu, na hakuna cha kutazama pale ila udongo mwekundu na majani mawili matatu yaliyojishikiza. Upande wa mbele ungemwonyesha ziwa na milima ya Kongo. Nilipomwambia, "Mama, njoo ukae huku mbele," alijibu, "Niko muzuri hapa," na hayo yakawa mazungumzo yetu ya siku nzima. Mume wangu ni dereva wa lori la safari ndefu, mtoto wetu anasoma bweni Gitega. Nyumba ilikuwa yetu sisi wawili, mimi na mama, na kile kiti.

Mimi ni fundi wa viti vya magari. Kazi hii nilifundishwa na baba katika karakana yake Buyenzi, wakati watu wakimwambia kwamba sindano ya ngozi si ya mtoto wa kike. Leo watoto wa watu hao wananiletea viti vyao. Nashona vya teksi, vya mabasi, na mara mojamoja vya sebuleni, kwa wale wa Kinindo na Kibenga, mitaa ya wenye nacho, wanaotaka viti vyao vya zamani virudi kuwa vipya.

Ilikuwa Kinindo ndiko nilikokutana na upinde. Mteja mmoja, mzungu aliyekuwa akifungasha kurudi kwao, alinipa viti vya chakula nivivalishe upya kabla ya kuviuza. Siku niliyovirudisha nilimkuta bustanini akirusha mishale. Nilisimama kumtazama. Alipoona ninavyotazama, akaniuliza kama nataka kujaribu, nami nikasema ndiyo kabla hajamaliza kuuliza.

Mkono wa kuvuta uzi kwenye ngozi kutwa nzima una nguvu za namna yake. Niliivuta kamba ya upinde bila taabu. Alinionyesha pa kuweka kidole, namna ya kuleta mkono mpaka shavuni, na namna ya kuachia bila kushtua. Mshale wa kwanza ulipotea majanini. Wa pili ukaingia kwenye shabaha, pembeni, kwa mlio mfupi kama mtu anayepiga mto kofi. Mwili wangu wote ulitulia. Tangu siku ya mazishi ya baba nilikuwa natembea na mabega yangu juu, na sikujua mpaka yaliposhuka.

Siku ya kuondoka kwake alinipigia simu, nikaenda. Upinde haukuingia kwenye mizigo yake, na mtu wa kuupokea hakuwepo. Akanipa na mishale yake yote. Shabaha aliitupa kwenye takataka kwa sababu ilikuwa imeoza katikati, lakini kabla ya kuondoka niliiinua nikaichungulia ndani kama ninavyochungulia kiti cha mteja: kimejazwa nini, kimebanwa vipi, na kimekufia wapi. Ndani mlikuwa na tabaka nyembamba za sponji ngumu, zimelazwa moja juu ya nyingine na kubanwa. Hakuna lingine. Nikajiambia kwamba kitu hiki naweza kukitengeneza.

Nilipofika nyumbani na upinde begani, mama aligeuza shingo kwenye kiti chake.

"Iyi nini sasa?"

"Ni upinde, mama."

"Mi naona ni upinde. Nauliza, we unatafuta vita na nani?"

"Apana vita, mama. Ni muchezo."

Akanyoosha mkono. Nikampa. Alipitisha kiganja juu ya mti wake, akaigusa kamba kwa kidole na kuisikiliza ikilia. Halafu akasema mwalimu wake wa madrasa alikuwa akiwaambia kwamba kurusha mishale ni jambo la kheri, lakini yeye hakuwahi kuona upinde Buyenzi hata siku moja, na aliona ajabu kusifiwa kitu ambacho hakipo. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizosema tangu aje kwangu. Niliamua palepale kwamba shabaha itajengwa nyuma ya nyumba, mbele ya kiti chake.

Kununua haikuwezekana. Hapa Bujumbura hakuna duka la vitu hivyo, na kuagiza nje ni kwa watu wenye fedha zao. Nilikuwa na karakana iliyojaa mabaki, ukuta wa udongo ambao ungezuia mshale wowote utakaokosa, na geti la kufunga. Nilichokuwa sina ni mishale ya kuchezea. Ile niliyopewa ndiyo hiyohiyo, na ukivunjika mmoja umevunjika. Kwa hiyo shabaha yangu ilipaswa kuusimamisha mshale kwa upole, na kisha kuuachia utoke bila kugombana.

Wazo la kwanza lilikuwa la mama mwenyewe. Alikumbuka kwamba bibi yake, aliyetoka mlimani huko Muramvya, alimsimulia jinsi vijana wa zamani walivyojifunza kwa kulenga umutumba, yaani shina la mgomba. Tulikuwa na mgomba uliokwisha kuzaa. Nikaukata, nikausimika mbele ya ukuta, nikarudi nyuma hatua chache na kurusha. Mshale uliingia kama kisu kwenye siagi. Nilifurahi mpaka nilipokwenda kuuchomoa: ulitoka ukiwa umevaa utomvu, unanata, na manyoya yake ya nyuma yamelala kama ya kuku aliyenyeshewa. Baada ya siku chache shina lilianza kuoza na kuita nzi.

"Wale vijana walikuwa na mashina mengi," mama alisema. "Leo hili, kesho lingine. We uko na moja."

Nikajaza gunia la mchele vitambaa vya zamani nikalitundika kwenye gogo. Lilionekana vizuri, nene, tumbo mbele. Nilirusha. Mshale ulipita gunia kana kwamba halikuwepo, ukatoka upande wa pili na kugonga jiwe lililokuwa ndani ya ukuta. Nilisikia ukikatika. Nilikaa chini na vipande viwili mkononi, nimekasirika.

Mama hakunipa pole. Aliinuka, kitu ambacho hakuwa akikifanya bila sababu, akalisogelea gunia na kuliminya kwa mikono yote miwili kama anayenunua papai sokoni.

"Umejaza kama muto," akasema. "Muto wa kulalia."

"Nimejaza mpaka juu, mama."

"Mpaka juu, ndiyo. Lakini ni laini. Godoro ya kulaza mutu na godoro ya kulaza mushale si moja. Mutu anataka kuzama. Mushale ukizama unapotea."

Alisema kweli, na nilipaswa kuliona mapema, kwa sababu ndiyo tofauti ya kiti cha sebuleni na kiti cha dereva. Kiti cha dereva hukandamizwa mpaka kikakataa. Lakini gunia peke yake halina kitu cha kulizuia. Ukishindilia huku, linatoka huku. Nilihitaji kitu cha kubana pande zote.

Nikajaribu makatoni. Wenye maduka ya vifaa vya nyumbani kule mjini wanayatupa nyuma, nami niliyabeba kwenye teksi ya mteja. Niliyakata vipande vyenye upana mmoja, nikavipanga vikiwa vimesimama, kingo zikitazama mbele, ili mshale upite kati ya kipande na kipande badala ya kutoboa. Nikaweka ubao juu na ubao chini, nikazungusha mikanda ya kufungia mizigo ya mume wangu na kukaza mpaka makatoni yakalia. Hiyo ilifanya kazi. Mshale uliingia, ukashikwa, ukatoka ukiwa safi. Nilirusha jioni nzima, na mama alikaa pembeni akisema "juu," "chini," "umeharaka," kama aliyezaliwa refa.

Halafu mvua ikanyesha. Si mvua ya kuonya, ni ile ya Bujumbura inayoshuka kutoka mlimani na kuufanya mtaro kuwa mto. Tulikuwa Buyenzi kwenye dua ya ndugu, sote wawili. Tuliporudi, shabaha yangu ilikuwa uji.

"Bon," nilisema. Sikukasirika safari hii. Nilikuwa nimeshajua kinachotakiwa: kubanwa kwa makatoni, na ngozi isiyoogopa maji. Hayo mawili yalikuwa kazi yangu ya kila siku.

Jumamosi nilileta nyumbani mabaki ya karakana. Sponji za viti vya mabasi, zile nzee zilizokuwa ngumu kwa kukaliwa na umma. Plastiki za kufungia mizigo. Vitambaa vilivyochakaa hata kwa kufutia gari havikufaa. Na maturubai. Nilitengeneza fremu ya mbao, mraba, mfano wa dirisha nene, nikaivalisha turubai mbele na nyuma na kuacha juu wazi kama mdomo wa mfuko. Kisha tukaanza kujaza, mama na mimi, tabaka la sponji, tabaka la plastiki, tabaka la vitambaa, na kila baada ya tabaka tunashindilia.

Mama alitafuta mchi wangu wa kutwangia isombe, majani ya muhogo. Nilimwona akiuosha kwanza, halafu akapanda juu ya kigoda, akakunja mikono ya gauni na kuanza kutwanga ndani ya ile fremu. Alitwanga kwa mdundo, pumzi zikitoka na sauti. Jasho lilimtiririka. Nilipomwambia apumzike alinitazama vibaya.

"Mi naanza sasa."

Alisimulia huku anatwanga. Kwamba walipooana na baba hawakuwa na godoro, wakashona moja wenyewe kwa magunia na sufi, na baba, fundi wa viti kwa jina, akashindwa kulifunga mdomo kwa sababu lilijaa kupita kiasi. Wakalifunga wakiwa wamelikalia wote wawili. Alicheka. Alipoacha kucheka alilia kidogo, akafuta uso kwa kilemba, akaendelea kutwanga. Nilimsogezea tabaka lingine.

Mdomo tuliufunga kwa sindano yangu ya kupinda na uzi wa nta, mishono miwili iliyopishana. Nilipolipiga godoro lile kwa ngumi, ngumi ilirudi. Kwa uso wake nilikata maduara kutoka kwenye mabaki ya ngozi ya bandia: jeupe nililichora kwa sinia kubwa, jeusi kwa kifuniko cha sufuria, la buluu kwa sahani, jekundu kwa kisahani cha chai. Manjano ya katikati sikuwa nayo, kwa sababu hakuna mwenye teksi anayetaka kiti cha manjano. Mama aliingia chumbani akarudi na kipande cha mtandio wa manjano. Nilikishona hapo katikati, juu ya sponji ya akiba ambayo ningeweza kuitoa na kuibadilisha, maana katikati ndipo shabaha hufia kwanza.

Tuliliinua, tukaliegemeza kwenye ukuta wa udongo, na kulijengea kibanda kidogo cha bati.

Nilirusha mshale wa kwanza. Ukaingia, ukasimama, haukutetemeka. Nikaenda kuuchomoa kwa mkono mmoja, nikauinua mama auone: safi, mzima.

"Sasa lete hapa," akasema.

Nilidhani anataka mshale. Alitaka upinde.

Sikumwambia kwamba ni mgumu, wala kwamba amezeeka. Nilimfundisha kama nilivyofundishwa. Siku za kwanza hakuweza kuuvuta mpaka mwisho, na mishale yake iliangukia majanini, lakini mikono iliyotwanga isombe miaka yote haisahau kazi. Alisogea karibu na shabaha, akaanzia hapo, na kila alipopata aliongeza umbali kidogo. Kiti cha plastiki kikabaki cha kuwekea mishale.

Asubuhi moja geti likagongwa. Alikuwa mkuu wa kartiye, yaani mtaa wetu, mtu mpole wa shati lililopigwa pasi, pamoja na mwenzake. Walisalimia kwa Kirundi, wakaulizia hali za nyumbani, na niliona kwamba wanalizunguka jambo lililowaleta.

"Mama," hatimaye aliniambia, "iko watu wamesema ya kama hapa munafanya mazoezi ya silaa. Mi sisemi ni kweli. Nimekuja kuuliza tu."

Nilijua maana ya neno lile katika mji wetu ulioona vita. Nilijua pia kwamba sina cha kuogopa, na mtu asiye na cha kuogopa anafungua geti wazi. Kabla sijajibu, mama alitokea nyuma yangu.

"Karibuni, wanangu. Silaa ni ile mutu anaficha. Iyi hatufichi. Piteni muone."

Tuliwapeleka nyuma. Mkuu wa kartiye alilizunguka godoro, akalipiga kwa ngumi, akachungulia kati yake na ukuta. Akauliza ukuta una unene gani, nikamwonyesha mlima. Akauliza watoto wa jirani wakipanda huko juu itakuwaje, nikamwonyesha kwamba tunarusha chini, kuelekea udongo, geti limefungwa. Aliitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Na anayefanya huu muchezo ni nani? Muzee wa nyumba?"

"Ni mi," mama alijibu.

Mkuu wa kartiye alicheka. Mama hakucheka. Aliuchukua upinde, akasimama ubavu, akavuta mpaka shavuni. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Wiki nzima ile nilikuwa nimemwona akipata. Aliachia. Mshale ukaingia kwenye duara jekundu, ukingoni mwa ule mtandio wa manjano.

Yule mwenzake alisema "Ehe!" akapiga makofi. Mkuu wa kartiye aliomba ajaribu, akarusha, akapiga paa la bati la kibanda, na sote tukacheka, naye zaidi. Akanywa chai. Wakati wa kuondoka alituagiza jambo moja: tuwaambie majirani wenyewe, tusisubiri wao wabuni. Lilikuwa agizo la haki. Jioni ile mama alivaa kanga nzuri akapita kwa majirani wa pande zote, akajitambulisha, akawaeleza na kuwakaribisha. Nilikuwa nimeishi pale miaka bila kuingia kwa hata mmoja wao. Yeye alirudi akijua nani anaugua kisukari na binti wa nani anaolewa.

Haikupita muda mrefu, akaanza kufungasha sanduku. Nilimkuta anakunja mkeka wake.

"Mama, nimekukosea?"

"Apana, mutoto yangu. Umenifanyia muzuri sana. Lakini ile nyumba ya baba yako imefungwa kama imekufa, na mi sijakufa."

Nilitaka kumzuia. Nilikuwa nimezoea sauti yake nyuma ya nyumba ikisema "umeharaka." Lakini nilimtazama alivyosimama, mgongo wima na mabega yake chini, nikaona kwamba mwanamke huyu hahitaji chumba cha nyuma. Nilimbebea sanduku mpaka kwenye gari. Birika alilibeba mwenyewe.

Kule Buyenzi uwanja wake ni mdogo, hauwezi kubeba mshale salama, kwa hiyo Jumamosi anapanda basi anakuja. Siku hizi haji peke yake. Kuna mjane mwenzake wa mtaa uleule, mwanamke mnene mwenye maneno mengi, ambaye siku ya kwanza alisema amekuja kutazama tu. Jumamosi iliyopita nilimwona amesimama na upinde mkononi, macho ameyafumba, na mama yuko nyuma yake anamnyanyua kiwiko.

"Fungua macho," mama alimwambia. "Utalenga nini na macho yamelala?"

Mshale ukaangukia majanini. Wakashikana wakicheka, kisha wakaanza kubishana ni zamu ya nani. Niliwaacha hapo, nikaingia jikoni kukaanga ndagala, dagaa wa ziwa letu.